Ukisafiri Kwenda Visiwa vya Komoro

Leo tunasafiri. Chukueni ramani ya Afrika iliyo darasani mwenu, wekeni kidole juu ya Dar es Salaam, kisha kipelekeni polepole kusini-mashariki, juu ya bahari, mwendo wa karibu kilometa 700. Mtaona visiwa vinne vidogo baina ya pwani ya Msumbiji na kile kisiwa kikubwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, na leo twakiita Madagaska. Hivyo ndivyo visiwa vya Komoro. Majina yake ni Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Katika ramani za Kifaransa vimeandikwa Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte. Msibabaike, ni visiwa vile vile.

Jina la Ngazija si geni kwenu, hasa ninyi watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu Wangazija wamekaa katika miji hiyo kwa vizazi vingi. Sheikh Ahmed bin Sumeit, mwanachuoni na kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Itsandra katika kisiwa cha Ngazija mwaka 1861. Basi safari hii ni ya kwenda kwa jirani. Lugha ya huko ni ndugu ya Kiswahili, ila si pacha wake. Asubuhi utaamkiwa "kwezi", nawe utajibu "mbona". Tena mzee wa Moroni akikuambia "marahaba" baada ya kumpisha njiani, usidhani anakulaumu kwa kuwa hukumpa shikamoo. Anakushukuru. Kwao neno hilo ni asante.

Moroni ndio mji mkuu, nao uko Ngazija. Ndege kutoka Dar es Salaam hufika kwa saa moja na kitu. Habari za viza ulizeni kabla ya kukata tiketi. Fedha ya huko ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa kwenye euro, kwa hiyo yafaa kuchukua euro taslimu mfukoni. Watu karibu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na nguo za heshima zatakiwa mjini kama zitakiwavyo Lamu au Mji Mkongwe.

Sasa nataka tuzungumze juu ya maji, kwa kuwa msafiri asiyefahamu habari ya maji hatavifahamu visiwa hivi.

Ngazija imejengwa na volkano. Katikati unasimama mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ambao bado una moto ndani yake. Mvua kubwa hunyesha juu ya mlima huo, lakini hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima katika kisiwa kizima. Kwa nini? Kwa sababu jiwe la volkano lina matundu mengi kama sifongo. Mvua ikianguka, maji huzama chini na kwenda zake baharini. Ndiyo sababu karibu na nyumba nyingi za vijijini mtaona birika kubwa la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia, mpaka mvua irudi tena. Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, mwezi wa Aprili na mwezi wa Novemba. Majivu yalianguka katika mabirika, na watu wengi wakakosa maji safi ya kunywa. Mkienda kama wageni katika nyumba ya kijiji mkapewa ndoo ya kuogea, ujueni uzito wa ndoo ile. Na mkitaka kupanda Karthala, tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, tena bebeni maji yenu yote toka chini.

Miezi ya kiangazi, tangu Mei mpaka Oktoba, ndiyo mizuri kwa msafiri. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni joto na mvua, na pengine tufani: tufani iliyoitwa Kenneth ilipiga huko Aprili 2019. Lakini Julai na Agosti nauli hupanda, maana Wangazija waliohamia Ufaransa hurudi kwa arusi. Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Kila mwanamume wa Ngazija hutarajiwa afanye arusi kubwa iitwayo anda, yenye ng'ombe, mchele, dhahabu na ngoma za siku nyingi. Akiisha kuifanya, huitwa mtu mzima na kupata sauti katika baraza la mji. Asiyeifanya, hata awe na mvi kichwa kizima, huhesabiwa miongoni mwa vijana. Wengine huweka akiba miaka ishirini kwa ajili ya anda. Mimi sitaki kuwahukumu, ila nikiyafikiria yale mabirika, natamani sehemu ya fedha hizo ingekwenda kwenye mabomba.

Nzwani ni tofauti. Ni kisiwa cha milima mikali na mabonde, na zamani kilikuwa na mito mingi. Mji wake, Mutsamudu, una vichochoro vyembamba na milango ya kuchongwa ambavyo mtu wa Unguja atavitambua mara moja. Kutoka huko hutoka mafuta ya langilangi, yanayonunuliwa na watengenezaji wa manukato wa Ufaransa. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa katika chombo chenye maji, na moto huwashwa chini kwa saa nyingi. Moto huo hula kuni. Miti imekatwa kwa kuni na kwa mashamba, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni ndogo, na sasa mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima hukauka wakati wa kiangazi. Mkinusa manukato mazuri dukani, pengine ndani yake mna tone la mto wa Nzwani.

Mwali ndicho kidogo kuliko vyote katika dola hiyo, na ndicho kitulivu. Nendeni Itsamia usiku mkaone kasa wakipanda pwani kutaga mayai. Zimeni tochi, maana mwanga huwatisha.

Kimebaki Maore. Bendera ya Komoro ina nyota nne, lakini serikali ya Moroni inatawala visiwa vitatu tu. Katika kura ya Desemba 1974, watu wengi wa visiwa vitatu walitaka uhuru, na watu wengi wa Maore wakakataa. Komoro ikajitangaza huru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ikabaki Maore, na tangu mwaka 2011 kisiwa hicho kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa. Komoro haijakubali mpaka leo.

Baina ya Nzwani na Maore ni kilometa 70 hivi. Zamani watu walivuka kwenda kuzika, kuoa na kuuza ndizi. Mwaka 1995 Ufaransa iliweka sharti la viza. Tangu hapo wasio na viza huvuka usiku kwa mashua ndogo za mashine ziitwazo kwasa-kwasa, zikiwa zimejaa kupita kiasi, na humo mna wagonjwa wanaotafuta hospitali na wanawake wenye mimba. Maelfu ya watu wamekufa maji katika mlango huo wa bahari.

Mkiwa Mutsamudu, mtu anaweza kuwaambia kwamba Maore ni karibu na kwamba ana mashua. Mwambieni hapana, hata bei ikiwa ndogo. Mwenye shughuli huko Maore aombe viza ya Ufaransa kabla ya kuondoka nyumbani, kisha aende kwa ndege au kwa meli ya abiria, mchana, jina lake likiwa limeandikwa katika orodha.