Mazungumzo Baada ya Habari: Mwalimu wa Iten

Mwaka 1976 mwalimu wa jiografia, Bruda Colm O'Connell, aliwasili kutoka Ireland kufundisha katika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, Iten, nchini Kenya. Hakuwa amesomea ukocha. Aliujifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia na kwa kuwasikiliza.

Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alitwaa medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka 2012 David Rudisha, aliyenolewa na mwalimu huyo huyo, alishinda mita 800 mjini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia.

Funzo hilo lawahusu pia askari wa jeshi na wa polisi. Kuruta anayebaki nyuma katika mbio za alfajiri si mzigo wa kikosi. Ni askari ambaye mafunzo yake hayajakamilika. Mkufunzi anayemdhihaki humzoeza kuficha udhaifu wake, na udhaifu uliofichwa kambini hufichuka vitani, ukagharimu maisha ya wenziwe. Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na askari ni vivyo hivyo.