Kazi ya Kiungo Uwanjani

(Hotuba ya mwalimu wa michezo, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nimeombwa niseme machache kabla ya mpira kuanza. Nitazungumza juu ya mchezaji mmoja tu, yule wa katikati tunayemwita kiungo.

Sisi kwetu Kudhaa tulicheza ufuoni maji yakipwa, na kila mtoto alitaka kufunga bao. Katikati hakukaa mtu. Mechi zikiisha kumi kwa tisa!

Kiungo hufanya kazi hata mpira ukiwa mbali naye. Hutazama nyuma ya bega kabla hajapewa, ajue mpinzani yuko wapi na mwenzake yuko wapi. Beki akipanda, yeye hubaki kuziba pengo. Tukipokonywa mpira, yeye ndiye wa kwanza kumkabili mwenye nao, hata kwa kumchelewesha tu, wenzake wapate kurudi. Mara nyingi pasi yake ni ya hatua tano, na hakuna anayeipigia makofi.

Mkenya Victor Wanyama alikuwa kiungo mkabaji wa namna hii. Tarehe 7 Novemba 2012, Celtic ilipoishinda Barcelona 2-1, yeye alifunga bao la kwanza kwa kichwa, na wengi humkumbuka kwa bao hilo. Lakini kazi yake ya kila wiki ilikuwa kukaba na kupokonya, na kwa kazi hiyo alihamia Southampton mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Nina kosa la kukiri mbele yenu. Mwaka jana, katika mechi kama hii, watazamaji walipiga kelele kwamba kiungo wetu hafanyi kitu. Mimi, niliyesomea ualimu chuoni, nikawasikiliza, nikamtoa wakati wa mapumziko. Tulikuwa sare. Kipindi cha pili tulifungwa matatu, yote yakipitia pale alipokuwa akisimama. Kijana hakurudi mazoezini kwa miezi mingi. Nilikwenda kwao mara mbili kumtaka radhi. Mara ya pili akanijibu, "Mwalimu, waambie na wao."

Basi nawaambia. Leo anacheza, jezi namba sita. Dakika kumi za mwanzo msiufuate mpira, mtazameni yeye.

Refa ameshafika.