Sweta la Mtoto wa Nyumbani Lifumwe Nyumbani

Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa sayansi kimu katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Njombe na wana-Makambako waishio Dar es Salaam



Walionitangulia wamezungumzia barabara, zahanati na madawati. Mimi nimeombwa nizungumzie uzi. Nimeona baadhi yenu mmetabasamu, na si vibaya. Naomba tu mnivumilie kwa dakika chache, kwa sababu jambo hili linagusa mgongo wa kila mtoto wa kwetu.

Baridi ya nyumbani hakuna asiyeijua hapa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, kule Makete umande huganda juu ya majani ya viazi. Mgeni wa Dar es Salaam anashuka stendi ya Makambako alfajiri na fulana yake, anatetemeka. Mtu wa kwetu alishavaa sweta tangu basi lilipomaliza kupanda Kitonga.

Sasa tumfikirie mtoto anayekwenda shule saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na tunashukuru. Lakini sare ilibaki kuwa jukumu la mzazi. Sehemu nyingine za nchi sweta ni pambo la sare. Kwetu sisi, mtoto asiye na sweta hukaa darasani mikono ameiingiza ndani ya shati, na mikono iliyo ndani ya shati haiandiki.

Kila mwaka umoja wetu umekuwa ukichangia wenye shida, yakiwemo masweta. Njia rahisi ni kwenda Kariakoo, kununua marobota, kuyapakia kwenye basi, kuyagawa na kupiga picha. Leo nataka niwaombe tubadili njia hiyo. Fedha ile ile iwafikie watoto ikiwa imepitia kwanza kwenye mikono ya mama zao na dada zao.

Mikono ipo. Ingia nyumba yoyote kwetu, utakuta vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa kroshia. Utakuta mizula, soksi za vichanga, na shali za kumfunika mtoto mgongoni. Nimefundisha kufuma kwa miaka mingi, wasichana na wavulana. Mtoto wa miaka kumi akishajua kuanzisha vitanzi kwenye sindano mbili, kurudi na kwenda bila kudondosha kitanzi, na kupunguza vitanzi kwapani na shingoni, sweta amelijua. Yanayobaki ni mazoezi.

Pengine mtauliza: kama mikono ipo, mbona akina mama hawa hawajatajirika? Swali hilo ndilo lililonileta hapa, na jibu lake liko kwenye saa.

Naomba tuhesabu pamoja. Hizi ni namba za mfano, na kila mmoja anaweza kubadilisha bei kwa anayoijua. Sweta la mtoto wa shule ya msingi hula kama gramu 300 za uzi. Mama anayefuma kwa sindano za mkono hutumia saa kama 30 kulimaliza, mwili, mikono, shingo na kuunganisha. Tuseme analipwa ufundi wa shilingi 10,000. Gawanya kwa 30. Anapata kama shilingi 333 kwa saa. Akienda kulima kibarua kwenye shamba la viazi la jirani anapata zaidi ya hapo. Ndiyo maana anafuma mawili, la mwanae na la mpwa wake, kisha anaweka sindano chini. Si mvivu. Amepiga hesabu.

Hesabu hiyo si ya leo. Watu wa nchi hii walifuma nguo tangu zamani. Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale waliokota vigurudumu vya kusokotea uzi wa pamba. Jirani zetu wa Ufipa na bonde la Rukwa walikuwa na vitanda vyao vya kufumia, wakitanda mtande na kupitisha mshindio, na ufundi huo ulifika hadi karne ya 20. Lakini katika karne ya 19 ilikwisha kuingia merikani, nguo ya pamba iliyotoka kwenye viwanda vya Marekani na kuletwa kwa meli mpaka Zanzibar, kisha misafara ikaipeleka bara. Mfumaji hakusahau kazi yake. Siku zake nyingi zilishindwa na nguo iliyotoka kwenye mashine kwa muda mfupi. Tukiwaambia akina mama wa leo waendelee tu na kazi za mikono kwa kuwa ni nzuri, tunawarudisha kwenye mashindano yale yale.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

La kwanza ni mashine. Sisemi kiwanda. Nasema mashine ya mkono ya kufumia, ambayo huwekwa juu ya meza. Ina sindano nyingi zilizopangwa mstari mmoja, na juu yake kuna kigari kinachosukumwa kwa mkono kulia na kushoto. Kila kikipita, mstari mzima umefumwa. Zile za kawaida hazihitaji umeme, kwa hiyo hata kijiji ambacho nguzo hazijafika zinafanya kazi. Kwa mashine hiyo, fundi aliyezoea pamoja na mwenzake anayeunganisha wanaweza kumaliza sweta la mtoto kwa jumla ya saa nne. Rudi kwenye hesabu yetu: shilingi 10,000 kwa saa nne ni shilingi 2,500 kwa saa. Uzi ni ule ule, mtoto ni yule yule, lakini mama sasa ana sababu ya kuendelea.

Tuchukue shule yenye watoto 400, na tuseme kila mtoto hubadilisha sweta baada ya miaka miwili. Ni masweta 200 kwa mwaka. Kwa mkono ni saa 6,000. Kwa mashine ni saa 800. Kundi lenye mashine moja, likifanya saa 40 kwa wiki, linaimaliza shule hiyo kwa wiki 20, na bado mwaka haujafika nusu. Sindano za mkono hazitupwi. Zibaki kwenye mizula, shali na nguo za vichanga, vitu ambavyo mnunuzi huviangalia kwa karibu na kukubali kulipia ufundi.

Jambo la pili ni uzi. Kondoo wetu wa asili ana nywele, hana sufu ya kusokota. Uzi tunaouita wa sufu, mwingi wake ni akriliki, yaani uzi wa kiwandani. Haupauki haraka na unakauka upesi, ila tuwaonye watoto wanaoota moto jikoni, kwa maana huyeyuka ukiguswa na kaa. Kundi la sweta la shule linahitaji kilo 60 za uzi kwa masweta yale 200. Likinunua vidonge vidogo vidogo dukani, bei inapanda, na zaidi ya hapo rangi hazilingani. Bluu ya mzigo wa Machi si bluu ya mzigo wa Juni. Mwalimu mkuu akiona darasa lenye bluu nne, hawaiti tena. Uzi ununuliwe kwa koni, bei ya jumla, rangi ya mzigo mmoja, mwanzoni mwa kazi. Hapa nawageukia ndugu zetu Wakinga wa Kariakoo. Utani pembeni, hakuna katika ukumbi huu anayeijua bei ya jumla kuwazidi ninyi. Tunaomba mtununulie kama mnavyojinunulia wenyewe.

Mabaki ya uzi nayo yana kazi. Fremu ya mbao za paini yenye misumari juu na chini inatosha kuwa kitanda kidogo cha kufumia. Unatanda nyuzi, unapitisha mabaki ya rangi mbalimbali, unapata skafu au kitambaa cha meza. Hii ni kazi nzuri ya kumwanzishia kijana, na humfaa mtu asiyeweza kwenda shamba.

Jambo la tatu ni oda, na kwangu hili ndilo kubwa. Mashine bila oda hufunikwa kitambaa na kuwa kabati. Majirani zetu Iringa wametuonyesha. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Leo wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kutengeneza vitu vingi pale, na wanaviuza mahali hapo hapo mjini, dukani kwao, jirani na mkahawa wao. Mnunuzi anajua pa kuwapata. Soko la Iringa ni wageni wengi. Soko letu ni la karibu zaidi: ni baridi yetu wenyewe. Wazungu wasipokuja mwaka huu, Juni itakuja.

Kwa hiyo naomba masweta ambayo umoja ungeyanunua Kariakoo kwa ajili ya watoto yatima na wanaolelewa na bibi zao, yote yaagizwe kwa vikundi vya nyumbani, kwa maandishi, na malipo ya nusu yatangulie. Wazazi wengine wabaki huru kununua wanapotaka. Sweta la nyumbani lijiuze kwa ubora wake, kwa viwiko vilivyoimarishwa, na kwa kuwa likichanika mfumaji yupo na uzi wa rangi ile anao.

Kikundi chenye oda mkononi kinaweza pia kusimama mbele ya halmashauri. Mnajua sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani itolewe kama mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarudishwa mwaka 2024. Mafunzo nayo yasitafutwe mbali. Tuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, Njombe na Ulembwe. Tuzungumze nao.

Najua lipo pingamizi. Mtu atasema sweta la Kariakoo ni rahisi zaidi. Mara nyingine ni kweli, na sitaki kuficha. Tukinunua la Kariakoo, tumepata sweta moja. Tukiagiza nyumbani, huenda fedha ile ile itatoa masweta machache kidogo mwaka wa kwanza. Lakini sehemu ya fedha hiyo italala Njombe na Makambako. Italipa daftari, itanunua mbolea, itamaliza deni la dukani. Mwaka wa pili mashine ipo, fundi yupo, na mchango wetu unahitajika kwa uzi tu. Marobota tungeyanunua upya kila mwaka mpaka tuzeeke.

Fomu za ahadi ziko mbele yenu. Zina mistari mitatu: mashine, koni za uzi, na sweta la mtoto mmoja. Chagua mstari unaokutosha. Asiyeweza mashine anaweza koni, na asiyeweza koni peke yake achangie na wenzake wa meza moja. Ninaomba pia kamati ituletee mwakani hesabu ya wazi: masweta mangapi, yalifumwa na kikundi gani, na kila mfumaji alilipwa kiasi gani kwa saa. Namba hiyo ya mwisho isikosekane.