Gunnar Björnstrand, Mchezaji wa Uswidi

Wasikilizaji, wahenga walisema, "Jifya moja haliinjiki chungu." Chungu kikiiva watu husifu chakula, ni nani ayakumbukaye mafiga? Leo nitawapa habari za mtu wa Uswidi, nchi ya kaskazini ya Ulaya, ambaye katika michezo ya kuigiza na ya sinema kazi yake ilikuwa kama ya figa. Jina lake Gunnar Björnstrand.

Alizaliwa Stockholm mwaka 1909. Baba yake naye alikuwa mchezaji, basi mtoto aliijua kazi hiyo tangu udogo. Mwaka 1933 aliingia chuo cha Jumba la Michezo la Kifalme. Miongoni mwa wenzake alikuwamo binti Ingrid Bergman, ambaye hakukawia kuchukuliwa na sinema, akapata sifa hata Marekani. Björnstrand alisoma mpaka mwisho, na alipotoka alipata kazi ndogo ndogo tu: kuonekana kidogo, kusema maneno machache, na kuondoka. Hakuzidharau.

Mwaka 1946 alicheza katika picha ya Ingmar Bergman, msimamizi kijana asiye jamaa ya binti yule. Ushirika wao ulidumu zaidi ya miaka 30. Mwaka 1955 Björnstrand alikuwa wakili mwenye majivuno, aliyeshindana na mume mwenye wivu kwa bastola. Kumbe ndani hamkuwa na risasi, bali masizi! Wakili akatoka hai, uso mweusi tititi, na watu wakacheka sana.

Mwaka 1957 ikatoka picha iitwayo Muhuri wa Saba. Askari mpanda farasi arudi kutoka Vita vya Msalaba, aikuta nchi yake imejaa tauni, na Mauti yamngojea. Acheza nayo sataranji ili apate muda wa kumtafuta Mungu. Askari huyo alichezwa na Max von Sydow, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Walakini kando yake yuko mtumishi wake, Jöns, naye ndiye Björnstrand. Jöns haamini neno, hudhihaki kila kitu; lakini msichana akishikwa na mwovu, ni yeye amwokoaye. Bwana auliza maswali. Mtumishi atenda wema. Pasipo mtumishi huyu, maswali ya bwana yangekuwa maneno matupu.

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuja mwaka 1963. Jina la picha hiyo kwa Kiswidi lina maana ya washiriki wa Chakula cha Bwana. Björnstrand, aliyezoea kuchekesha, alipewa kuwa mchungaji Tomas, ambaye imani yake imepoa. Mvuvi amjia akiwa na hofu ya bomu la atomu, ataka faraja. Mchungaji amweleza mashaka yake mwenyewe, na mvuvi aenda kujiua. Mwalimu wa kike ampenda Tomas, naye amjibu kwa maneno makali. Kumcheza mtu asiyependeza hivi kulimlemea sana Björnstrand. Lakini hakumpamba wala hakumtafutia udhuru. Mwishoni mchungaji asimama katika kanisa lililo karibu tupu, aanza ibada. Uso wa mchezaji hautuambii kama imani imerudi; watuonyesha tu mtu aliyeishika zamu yake.

Mwaka 1982, kumbukumbu zake zikiwa zimedhoofika kwa maradhi, alikuwamo katika picha ya Fanny na Alexander, akiwa mchezaji mzee. Maneno yalimponyoka, ikabidi kurudia mara nyingi, naye hakukata tamaa mpaka kazi ikaisha. Alifariki mwaka 1986.

Wasikilizaji, katika kila shule wako watoto wawili au watatu ambao hutakiwa kusimama mbele. Waliobaki hupewa sehemu ndogo, nao hudhani kwamba sehemu ndogo yaweza kufanywa nusunusu. Waambieni habari za Jöns, mtumishi. Kwaherini.