MAJI NA MADINI YA MOTO HAYAPATANI
(Maneno ya kamati kwa wanachama wa Kitale na Bungoma)



Wengi wenu hapa Kitale na kule Bungoma mnajua alumini chakavu: pistoni za pikipiki, vichwa vya injini, sufuria zilizotoboka, mikebe ya soda. Wengine mmeona bampa ikipakwa nikeli kwa umeme. Leo twataka kusema habari ya kazi iliyo ndugu ya hizo mbili, nayo ni kupaka chuma ngozi ya alumini kwa umeme, ndani ya chumvi iliyoyeyushwa. Hata asiyepata kuiona atapata fundisho.

Mtauliza: kwa nini chumvi ya moto, na nikeli hupakwa katika maji? Sababu ni hii. Alumini hushikana mno na oksijeni. Ukitia chumvi ya alumini katika maji na kupitisha umeme, maji ndiyo huvunjika kwanza. Povu la haidrojeni hutoka, na chuma hubaki kitupu. Alumini yenyewe ilikuwa ghali sana mpaka mwaka 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mtu peke yake, walipovumbua njia ya kuitoa kwa umeme katika chumvi iitwayo kriolaiti, kwa moto wa digrii 950 hivi.

Tanki la kupaka halitaki moto mkali hivyo. Kloridi ya alumini huchanganywa na chumvi kama ile ya jikoni, na mchanganyiko huyeyuka chini ya digrii 200. Chuma hufungwa kwenye waya wa hasi, bamba la alumini kwenye waya wa chanya. Umeme ukipita, bamba hulika kidogo kidogo, na alumini huenda kukaa juu ya chuma. Ukitia manganizi kidogo, madini hayo mawili hukaa pamoja, na ngozi yake huzuia kutu vizuri. Msidhani ni sawa na mabati ya alumini na zinki yanayotengenezwa Mariakani. Hayo huchovywa katika madini ya moto bila umeme.

Sasa sikilizeni sana. Tanki hilo lazima lifunikwe na kujazwa gesi kavu. Hewa yenye unyevu ikiingia, kloridi hutoa moshi wa asidi, unaouma macho, koo na mapafu. Basi tajiri akileta kazi hii kwetu, tusiulize mshahara peke yake. Tuulize: kifuniko kiko wapi? Feni ya kuvuta moshi iko wapi?

Na nyinyi wa tanuru la sufuria, adui wenu ni yule yule. Alumini huyeyuka kwa digrii 660. Maji yakinaswa chini yake hugeuka mvuke mara moja, na mvuke hutaka nafasi mara 1,700 kuliko maji. Madini hurushwa usoni pa mtu. Kitale mvua ni nyingi, na chakavu hulala nje. Kwa hiyo:

1. Chakavu kiwekwe chini ya paa, kikaushwe kwa moto kabla ya kutiwa.
2. Mkebe uliopondwa na kila chombo kilichozibwa kipasuliwe kwanza.
3. Koleo na upawa vipashwe moto. Mchanga wa kalibu usilowe kupita kiasi.
4. Mtu asimimine madini akiwa na ndala. Avae viatu vya ngozi, aproni na kinga ya uso.
5. Moto wa alumini usimwagiwe maji. Mchanga mkavu uwe karibu.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanya kazi. Penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ukiona hatari kubwa, mwambie msimamizi. Tajiri hana ruhusa kukurudisha pale mpaka iondolewe. Ukiumia, toa habari upesi, kwani sheria ya fidia ya mwaka huo huo yampa tajiri siku 7 za kupeleka ripoti serikalini.

Ndugu, jicho likichomwa halinunuliwi sokoni. Kila mmoja amwangalie mwenzake, na asiye na kinga asikaribie tanuru. Umoja ni nguvu.