Jokofu la Mgahawa: Yuniti Zinapotelea Wapi?

Maelezo kwa wenye migahawa, mama lishe na wananchi wa Kata ya Mwankoko



Wateja wakishaondoka mgahawani, jiko huzimwa, taa huzimwa na redio hunyamaza. Kifaa kimoja tu hakilali, nacho ni jokofu. Hufanya kazi usiku na mchana, siku ya biashara nzuri na siku ya biashara mbaya, na kila saa hupunguza yuniti za LUKU. Ndiyo maana mwenye mgahawa anaweza kuuza vizuri wiki nzima, kisha akaona faida imeishia kwenye umeme.

Wapo wanaojinusuru kwa kulichomoa jokofu usiku na kulirudisha asubuhi. Njia hiyo ni ya hatari. Vijidudu huzaliana haraka katika chakula chenye joto kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi, na nyama iliyopata joto usiku kucha haiponi kwa kupozwa tena. Anayeumia ni mlaji, na baada yake biashara yenyewe. Ipo njia bora: kuliacha jokofu liwake, lakini kuliondolea mzigo usio wa lazima.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba jokofu halitengenezi baridi. Kazi yake ni kubeba joto lililo ndani na kulitupa nje. Kompresa husukuma gesi katika mabomba. Gesi hiyo hunyonya joto ndani ya jokofu, kisha huliacha nje kupitia mabomba yaliyopindwapindwa nyuma au chini yake. Chochote kinachoingiza joto ndani, au kinachozuia joto lisitoke, huifanya kompresa iungurume muda mrefu zaidi. Ushauri wote unaofuata unatokana na kanuni hiyo.

Kwanza ni mahali. Jokofu lisiwekwe karibu na jiko la mkaa, karai la kukaangia wala dirisha linaloingiza jua. Liachiwe nafasi ya walau sentimita 10 kutoka ukutani, na nafasi hiyo isigeuzwe stoo ya magunia na makreti.

Pili ni usafi wa mabomba ya nje. Singida ni mkoa wa upepo na kiangazi kirefu. Vumbi likikutana na mvuke wa mafuta ya kupikia, hujenga utando unaoyafunika mabomba hayo kama blanketi. Mara moja kwa mwezi jokofu lichomolewe, kisha mabomba yasafishwe kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Kazi hiyo haigharimu fedha.

Tatu ni mpira wa mlango. Noti ya shilingi 1,000 ibanwe kwenye mlango uliofungwa, kisha ivutwe taratibu. Ikichomoka bila kushikwa, baridi inavuja mahali hapo. Zoezi hilo lirudiwe pande zote nne. Mpira mchafu uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uliochanika ubadilishwe. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa ukuta hujengwa kwa yuniti.

Nne ni chakula cha moto. Kuipoza supu ya lita 20 kutoka nyuzi 90 hadi nyuzi 30 ni kuondoa joto linalolingana na takriban yuniti 1.4. Jokofu linalobeba yuniti mbili za joto kwa kila yuniti moja ya umeme litatumia yuniti 0.7 kwa sufuria hiyo moja. Supu hiyo ikigawanywa katika vyombo vifupi na kuwekwa ndani ya beseni la maji baridi huku ikikorogwa, sehemu kubwa ya joto hilo huondoka bure. Hata hivyo, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Tano ni barafu na kipimo cha baridi. Barafu ikizidi nusu sentimita, iyeyushwe kwa kulizima jokofu. Kamwe isichokolewe kwa kisu, kwa kuwa bomba likitoboka gesi yote hutoka. Sehemu ya kawaida ya jokofu ibaki kati ya nyuzi 1 na 5, na friza ibaki nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi inayozidi hapo huongeza gharama tu.

Mwenye mgahawa atajuaje kama juhudi hizi zimezaa matunda? Mita ya LUKU itamjibu. Aandike yuniti zilizobaki saa 4 usiku, jokofu likiwa peke yake kwenye umeme, kisha aandike tena saa 12 asubuhi. Tuseme zimetumika yuniti 2 kwa saa hizo 8. Hiyo ni sawa na yuniti 6 kwa siku na 180 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 ya kundi la T1 iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, ambayo pamoja na kodi na tozo hufikia takriban shilingi 356, gharama ni shilingi 64,080. Usafi na mpira mpya vikishusha matumizi ya usiku hadi yuniti 1.5, gharama ya mwezi huwa shilingi 48,060. Shilingi 16,020 zimebaki mfukoni, na mchana, mlango unapofunguliwa mara nyingi, tofauti huweza kuwa kubwa zaidi.

Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Jokofu lililofungwa hutunza chakula kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48.

Jokofu lililochakaa kabisa halitaokolewa na brashi. Anayetaka kununua lililotumika alipime kwanza kwa mita, asidanganywe na bei ndogo. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wakumbuke kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo ya utaratibu hutolewa na ofisi ya kata.

Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Hata hivyo, wingi wa umeme katika gridi haumrudishii mtu yuniti inayopotea jikoni kwake. Hiyo itaokolewa na brashi, noti ya elfu moja na daftari la mita.