Vidole Vikivimba Tusiseme ni Uzee

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo na wanakijiji siku ya kufunga darasa.)



Leo tunazungumza habari ya viungo. Siyo viungo vya mchuzi, bali viungo vya mwili: vidole, viwiko, magoti.

Darasani kwetu alikuwepo mama mmoja, mkulima. Alijua kusoma upesi kuliko wenzake. Baadaye mwandiko wake ukaharibika, penseli ikawa inamdondoka. Sisi walimu tukadhani amechoka na kisomo, tukamkemea. Tulikosea. Kila asubuhi vidole vyake vilikuwa vigumu kama kuni. Kufunga kanga, kusonga ugali, kushika jembe, yote yalimshinda mpaka jua lipande. Wengine walisema ni baridi, wengine wakasema karogwa. Kwa miaka miwili alinunua vidonge vya maumivu dukani. Alipofika hospitali, vidole viwili vilikwisha pinda. Dawa ilisaidia vile vingine, lakini viwili vile havikunyooka tena.

Ugonjwa huo ni baridi yabisi. Jina lake linatudanganya, maana hauletwi na baridi. Mwili wetu una kinga, yaani askari wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hugeuka na kushambulia utando uliomo ndani ya kiungo. Kiungo huvimba, na polepole mfupa huliwa. Hauambukizi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hata kijana anaweza kuupata.

Je, tutautambuaje? Tujiulize maswali matatu:

1. Je, viungo vimevimba, hasa vifundo vya vidole na vya mikono, kulia na kushoto?
2. Je, asubuhi ugumu wa viungo unakaa nusu saa, saa nzima au zaidi?
3. Je, hali hii imeendelea wiki 6 au zaidi?

Ukijibu ndiyo, nenda zahanati. Wala usingoje wiki 6 zitimie ikiwa viungo vimevimba.

Siyo kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Goti la mzee lililochakaa huuma zaidi akitembea, na ugumu wake wa asubuhi huisha upesi. Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku, kwenye kidole gumba cha mguu. Lakini sikilizeni hili: kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mgonjwa ana homa, huenda kimeingia usaha. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, awe mtoto au mtu mzima. Kisikandwe wala kuchanjwa.

Ukifika zahanati, usiseme tu "mwili unauma". Mweleze tabibu majibu ya yale maswali matatu. Mwonyeshe mikono. Atabonyeza vifundo vya vidole aone kama vinauma. Akishuku baridi yabisi atakuandikia barua ya kwenda hospitali. Huko watapima damu. Lakini kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Wapo wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu. Ndiyo maana maelezo yako ni muhimu. Madaktari bingwa wa ugonjwa huu ni wachache nchini, basi tabibu wa zahanati ndiye mlango wa kwanza.

Sasa dawa. Vidonge vya maumivu hupunguza maumivu, lakini havizuii mfupa kuliwa. Tena, kuvimeza kwa muda mrefu bila ushauri huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Dawa inayozuia ugonjwa wenyewe, ambayo hutumika sana, ni methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Narudia: kwa wiki, siyo kila siku. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mtu mwenye mimba, au anayetaka kupata mimba, asiitumie. Amwambie daktari mapema. Anayeitumia aache pombe, na apimwe damu kila anapoagizwa. Dawa hii haina haraka. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake. Usiiache kwa sababu wiki ya pili bado unaumwa.

Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi, ndugu zetu. Soma karatasi ya dawa. Andika ukutani siku ya kumeza. Kama mama au baba nyumbani hajui kusoma, msomee wewe.

Nasi wa nyumbani tusimwite mgonjwa mvivu. Asubuhi tumsaidie kuteka maji. Viungo vikipoa, avinyooshe na kufanya kazi kwa kiasi. Kulala tu humdhoofisha.

Ugonjwa huu hauponi kabisa, lakini ukiwahiwa unatulizwa, na mtu akaendelea kulima na kuandika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kidole kilichokwisha pinda, ndugu zangu, ukuta wake haujengeki.